Jina la Nyange

"Rudia," alisema Mwanawema.

"Jaribu bin Mjaka bin Ahmada bin Mmanga."

"Huyo Mmanga alikuwa mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa Kisiwa Panza. Kazikwa nyuma ya msikiti."

"Usiseme mbio mbio hivyo. Mtu hamtaji babu yake kama anayekimbizwa na nyuki."

Walikuwa wamekaa pwani, nyuma ya nyumba yao. Mwanawema alikuwa akiponda makumbi ya nazi yaliyolowekwa miezi mingi kwenye tope, akiyachambua usumba wa kusokotea kamba. Mikono yake ilinuka tope hilo siku zote, hata siku ya Idi. Mwanawe, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa akijifunza mababu wapya. Midomo yake ilitamka majina, lakini macho yake yalikuwa mbali, kule kwenye mpaka wa maji na mbingu, ambako meli za moshi zilipita bila kusimama. Alizijua kwa rangi za dohani zake. Hii nyeusi yenye mkanda mwekundu, ile ya manjano tupu. Hakujua zinakotoka wala ziendako. Zilitokea tu kwenye weupe wa mchana kama mawazo, zikapita polepole, zikayeyuka.

Wiki tatu nyuma Jaribu alikuwa Mkoani, bandari ya Pemba, akibeba magunia, akaitwa na Duni. Duni alikuwa mzaliwa wa Mkoani na serahangi wa meli ya Wazungu, msimamizi wa mabaharia wa sitahani, amekuja likizo na viatu vyeupe. Alimtazama Jaribu akipanda ubao na gunia kichwani bila kulishika kwa mkono, akamwambia: "Jikoni kwetu kuna nafasi. Tutakuwa Tanga tarehe ishirini, kupakia katani ya kwenda Ulaya. Njoo na kitabu cha ubaharia, mie nitasema nawe kwa nahodha. Bila kitabu usije."

Tangu siku ile Jaribu alitembea kama mtu aliyeamka nusu. Alikula muhogo wake wa chumvi akiuona wali mweupe kwenye sahani za bati. Alilala chini ya paa la makuti lililotoboka, akaona nyota kupitia matundu, akafurahi kwamba nyota hizo huonekana na baharini.

Lakini ili apate kitabu, kwanza alitakiwa kuwa na hati ya serikali inayosema yeye ni raia wa Sultani, mzaliwa wa visiwa hivi. Naye hakuwa. Mama yake alimleta kutoka Bara ana miaka minne, msimu wa karafuu, akaolewa na Mjaka, mtega madema ya samaki na mwalimu wa chuo cha Kurani. Hawakuondoka tena. Mwaka huo wa hamsini na tisa siasa zilikuwa zimeingia hadi kisimani. Wanawake waliokuwa wakimtwika Mwanawema ndoo sasa walimuuliza, wakicheka nusu, "Weye lini mwenda kwenu?"

Hivyo Mwanawema aliamua mwanawe awe mtoto wa Mjaka, kwa karatasi.

Mjaka alipoambiwa hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa akifuma dema. Alivuta fito, akaikaza, akasema, "Nitakwenda naye ofisini."

Mwanawema akaona hilo linatosha.

*

Walivuka kwa mtumbwi alfajiri, kisha wakashika njia ya miguu kwenda Mkoani. Mjaka alivaa kanzu yake moja, iliyotiwa buluu hadi ikawa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na maji. Kando ya njia karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi, na harufu yake ilizidi kupanda kadiri jua lilivyopanda, hata Jaribu akahisi haendi kwa miguu bali anaelea ndani ya harufu ile. Mjaka alitembea mbele, kimya, vidole vikihesabu tasbihi.

Ofisini tarishi aliwaambia benchi ni la wenye viatu. Labda alitania. Wakakaa sakafuni. Watu waliofika baada yao wakaingia, wakatoka. Jua lilipofika kwenye kizingiti ndipo walipoitwa.

Karani aliitwa Nassor, kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni.

"Jina?"

"Jaribu bin Mjaka bin Ahmada bin Mmanga," Jaribu akasema polepole, kama alivyofundishwa.

"Maashallah. Umezaliwa wapi?"

"Kisiwa Panza."

"Mama yako?"

"Mwanawema."

"Binti nani?"

Hilo Jaribu hakufundishwa. Katika siku zote zile za pwani, mama yake alimfundisha ukoo wa Mjaka, akasahau kutunga ukoo wake yeye mama.

Nassor akaweka kalamu chini. Alisema kwa sauti ya kusikika hadi barazani, "Siku hizi kila aliyekuja kuchuma karafuu anataka kuwa mzaliwa." Watu wa barazani wakacheka. Karani akamgeukia Mjaka, na hapo sauti yake ikalegea kidogo, maana kanzu ile na tasbihi ile vilimjulisha kwamba anasema na mwalimu.

"Mzee wangu, mimi sina maneno mengi. Msahafu huu hapa. Kula yamini kwamba huyu ni mwanao wa kumzaa, nami naandika sasa hivi."

Hakuna aliyewaambia kwamba kuna yamini. Mjaka aliutazama Msahafu. Ulikuwa mdogo, jalada lake la kijani limechakaa pembeni kwa mikono ya watu. Akanyoosha mkono, ukafika katikati ya meza, ukasimama hapo.

"Mie nimemlea," akasema.

"Sikukuuliza malezi, Mwalimu. Umemzaa?"

Nzi alitembea juu ya karatasi. Jaribu alimtazama mzee yule na kwa mara ya kwanza maishani mwake alimwomba kitu, kwa macho.

"La," alisema Mjaka. "Babaake ni ntu mwengine. Kafa."

Nassor akaifunika kalamu yake. "Basi nendeni. Na mshukuru kwamba sikuwaandikia kesi."

*

Wakarudi, Jaribu ametangulia mbele. Walipofika kwenye mtumbwi akasema neno moja tu: "Kumbe mie si kitu kwako."

Mjaka akashika kasia.

Nyumbani Mwanawema alisikiliza habari akiwa amesimama, kamba mbichi imemning'inia mkononi. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Jina tu, Mwalimu," alisema. "Sikukuomba shamba. Sikukuomba nyumba. Miaka kumi na mitano nimeponda makumbi, nimekula ulichonacho, sijakwambia hiki kidogo. Nimekuomba jina, nalo lingekupungukia nini?"

"Lisingenipungukia kitu mie."

"Basi?"

"Lingempungukia Nyange." Ilikuwa mara ya kwanza kwa jina hilo kutajwa ndani ya nyumba ile. Mjaka alilisema kwa uangalifu, kama mtu anayeshika chombo cha watu. "Yule maiti hana nyumba, hana mali, hana mke. Mke nimemuoa mie. Kabakisha duniani kitu kimoja tu, ntu wa kuitwa bin Nyange. Nimnyang'anye na hicho, kisha nishike Msahafu niseme changu?"

"Maiti haendi baharini. Maiti hali muhogo kila siku."

"Najua."

"Hujui!"

Akaingia ndani. Kuanzia jioni ile hakusema na mumewe. Alimwekea chakula, akamwekea maji ya kutawadha, akageuka. Watoto wa chuo waliona mwalimu wao anasahau kuwasahihisha. Walisoma wakaruka aya, naye akaitikia tu kwa kichwa.

Siku ya tatu, Mjaka alikwenda Mkoani peke yake kumtafuta Duni, akamkuta anafunga mizigo ya kurudi melini. Duni alimsikiliza, akakuna kidevu.

"Tanga nako hutoa vitabu, kwa watu wa Bara," alisema. "Lakini sharti aje ntu wa damu yake amshuhudilie. Ana watu kule?"

Mjaka alirudi, akasimama mlangoni mwa chumba alimokuwa mkewe.

"Nduguye Nyange yu hai?"

Mwanawema akageukia ukuta. Mlango wa kurudi kwa wakwe zake aliufunga mwenyewe. Alipofiwa, shemeji yake Hija, huyo nduguye Nyange, alisema mtoto hatoki kwenye ukoo, naye akamchukua Jaribu kabla ya alfajiri, akamfunika kwa kanga, wakaondoka bila kuaga. Hakutuma salamu hata moja tangu siku hiyo.

"Atakufukuza," alisema mwishowe, akiuambia ukuta.

"Na anifukuze. Kijiji chake kinaitwaje?"

*

Walipata chombo kilicholeta ng'ombe kutoka Tanga, kikirudi kitupu. Nauli hawakuwa nayo, wakakubaliana na nahodha wafue maji. Basi mchana kutwa walikaa ndani ya tumbo la chombo, kwenye harufu ya samadi na chumvi, Mjaka na kata moja, Jaribu na nyingine, wakiteka maji na kuyamwaga, wakiteka na kuyamwaga. Jaribu alikuwa na hasira, lakini mikono haijui hasira. Kata mbili zikaanza kupishana kwa mwendo mmoja, kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Juu yao palikuwa na kipande cha mbingu ya buluu kilichoyumba huku na huko. Akakitazama hadi akasahau anakwenda wapi. Mara ilimjia picha ya mtu mrefu aliyembeba mabegani kwenye njia ya mikonge, na yeye mdogo ameshika nywele za mtu yule kwa mikono miwili. Hakujua kama ni kumbukumbu au ni ndoto.

"Alikuwa mrefu?" akauliza ghafla.

Mjaka alielewa. "Sikumwona. Mama'ko husema ukisimama mlangoni wamshtua."

Wakaendelea kufua maji.

Kijiji kilikuwa mwendo wa nusu siku kutoka Tanga mjini, katikati ya mashamba ya katani yaliyonyooka kama mistari ya daftari. Hija walimkuta akichonga mpini wa jembe uani kwake. Mjaka alitoa salamu, naye akaitikia, maana salamu haikataliwi. Alipojua ni nani waliokuja, aliendelea kuchonga.

"Miaka kumi na mitano," alisema Hija. "Mama yangu amekufa akiuliza mjukuu wake yuko wapi. Leo mnakuja kwa sababu mnataka kidole changu kwenye wino."

"Ndivyo," alisema Mjaka.

"Hata huoni haya."

"Haya ninayo, ndugu yangu. Nimekuja nayo hivyo hivyo."

Hawakupewa kigoda. Hawakupewa maji. Mjaka alikaa kwenye vumbi na kanzu yake moja, jua likimpiga kichwani, watoto wa jirani wakija kumchungulia yule Mpemba na maneno yake ya ajabu. Jaribu alisimama nyuma yake akitamani waondoke. Mara mbili alimgusa bega. Mara mbili Mjaka akautoa mkono wake polepole.

"Lawama ya mama yake iweke juu yangu," Mjaka alisema tena. "Mie ndiye mume, ilinipasa nimwambie atume salamu. Sikumwambia. Niliogopa mtamchukua mtoto."

Hapo Hija aliacha kuchonga. Alimtazama Jaribu kuanzia miguuni kwenda juu, taratibu, na alipofika usoni akageuza macho haraka.

"Kaburi la baba yake liko kule," alisema kwa sauti nzito. "Kwanza akamsalimie. Kama anajua hata la kusema."

Walikwenda watatu. Lilikuwa tuta dogo chini ya mwarobaini, limefagiliwa. Jaribu alikaa kitako, akainua mikono. Alidhani sauti haitatoka. Lakini alipofungua kinywa, Yasini ilikuja yote, bila kukwama, kila herufi mahali pake, kama ilivyochongwa ndani yake kwa miaka na kiboko kidogo na subira kubwa ya barazani kule Kisiwa Panza. Upepo ulipita kwenye majani ya katani kwa mlio mkavu. Alisoma, na katika kusoma alihisi kuna mtu amekaa karibu yake, hana sura, hana haraka, anasikiliza. Hakuogopa.

Alipomaliza, Hija alikuwa akijifuta uso kwa kiganja.

"Nani kamfundisha?" aliuliza, ingawa alijua.

Jaribu akanyoosha kidole kumwonyesha mzee aliyekaa nyuma yake, kanzu imejaa vumbi jekundu.

"Inuka basi, Mwalimu," alisema Hija. "Inuka tukale."

*

Ofisi ya bandari ya Tanga haikuchukua hata robo saa. Hija akaweka kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza kwenye karatasi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Karani akauliza jina la kijana.

"Jaribu Nyange," alisema Jaribu. Halikutoka kwa kukariri. Karani akaliandika, akapiga muhuri, akamsukumia kitabu kidogo cheusi, akaita mwingine.

Meli ilitia nanga mbali, kwa kuwa maji ya kando hayakuwa na kina. Kumbe ilikuwa na kutu. Kwa miaka yote ile ya kuziangalia meli kutoka pwani, Jaribu hakujua kwamba zina kutu. Matishari yaliyojaa marobota ya katani yalikuwa yakienda na kurudi, na Duni alikuwa juu ya moja, akipunga mkono kwa ukali: haraka, haraka.

Hija alimkumbatia mwana wa nduguye, akamtia mfukoni kipande cha muhogo wa kuchoma. Kisha akaondoka kando kidogo na kujifanya anatazama winchi.

Jaribu na Mjaka wakabaki wamesimama.

"Niliyokwambia kule kwenye mtumbwi…" alianza Jaribu.

"Sala usiache. Wakikupa nyama, uliza ya nini."

"Mwalimu, niliyokwambia siku ile…"

"Nimesikia watu wakisema maneno mabaya kuliko hayo, na wao hawajanyimwa kitu." Mjaka alimrekebisha ukosi wa shati, kama anavyofanya mtu ambaye mikono yake haina pa kwenda. "Andika barua. Andika kwa mama'ko. Mie nitamsomea."

Jaribu akaushika mkono ule wenye makovu ya fito za madema, akaubusu, akauweka kwenye paji la uso wake, akakaa nao hapo muda mrefu. Duni akapiga mluzi. Akaruka kwenye tishari.

*

Mjaka alirudi Kisiwa Panza siku ya nne tangu aagane na Jaribu, adhuhuri, midomo imepasuka kwa chumvi. Mwanawema alimwona tangu mtumbwi uko mbali, akahesabu kichwa kimoja. Alikuwa na usumba magotini, hakuinuka. Mumewe alipofika na kukaa mchangani mbele yake, ndipo aliposema naye.

"Amekula?"

"Amekula. Kwa baba yake mkubwa alikula bada ya muhogo na samaki, na asubuhi tena. Na muhogo kapewa wa njiani."

"Hija kampa?"

"Hija."

Akavuta uzi wa usumba, ukakatika, akavuta mwingine.

"Kaburi umeliona?"

"Nimeliona. Lina mwarobaini."

"Ule mti niliupanda mimi." Akapangusa usumba magotini. "Lina majani sana?"

"Hata. Limefagiliwa. Nduguye hulifagia kila Ijumaa."

Mwanawema akajifunika uso kwa upande wa kanga na kulia, kwa ajili ya mwana na kwa ajili ya mume wa kwanza ambaye hakupata kumlilia sawasawa, maana alikimbia kabla ya matanga kwisha. Mjaka hakumwambia nyamaza. Alikaa pale pale, akachukua makumbi mawili, akaanza kuyaponda. Ilikuwa kazi ya wanawake, na watu waliopita pwani walimwona.

*

Saa hizo hizo Jaribu alikuwa jikoni mwa meli, amekumbatia ndoo. Katani ilichukua siku kadhaa kupakiwa, na tangu walipong'oa nanga asubuhi hiyo alikuwa akitapika, na katikati ya kutapika alimenya viazi, maana viazi havikumngoja. Aligundua kwamba bahari ya melini haina harufu ya bahari. Inanuka mafuta, makaa na kabichi. Mpishi mkuu, Mgoa mnene mwenye kitambaa shingoni, alimtazama kwa huruma, akamshika kwapani, akamtoa nje.

"Tazama mbali," alimwambia kwa Kiswahili chake cha bandarini. "Karibu hapana tazama. Mbali."

Jaribu akashika chuma cha ukingo. Mwanga ulikuwa mwingi mno, maji na mbingu vimekuwa kitu kimoja cheupe kinachopumua. Meli haikuonekana kwenda popote. Ilionekana imetundikwa katikati ya weupe, na yeye ndani yake, mwepesi, mtupu, bila uzito hata wa muhogo. Polepole, upande wa kulia, weupe ukapasuka na mstari mwembamba wa kijani ukajitokeza. Ulikuwa mwembamba kama wanja. Hakikuonekana kisima, wala ofisi, wala pwani yenye makumbi. Kutoka hapa kote kulikuwa kumoja, kumelala juu ya maji kama kitu ambacho mtu anakumbuka usingizini.

"Pemba ile," alisema mpishi. "Wewe huko una mtu?"

Jaribu akajifuta mdomo kwa mkono.

"Wazee wangu," alisema. "Wote wawili."

Mpishi akainamisha kichwa kwa heshima, akampa kisu na kiazi kingine, akarudi kwenye moto. Jaribu akamenya huku amesimama, macho mbali kama alivyoambiwa, na tumbo lake likaanza kutulia.